Kufundisha kinga na udhibiti wa maambukizi hospitalini: mwongozo kamili kwa mkufunzi wa wodini

Mafunzo mengi ya kinga na udhibiti wa maambukizi, au IPC kama tunavyoyaita kazini, hufanyikia ukumbini. Siku tatu za slaidi, chai ya saa nne, posho, cheti, kwaheri. Jumatatu muuguzi anarudi wodini na kukuta koki haitoi maji, chupa ya kitakasa mikono ni tupu tangu juzi, na kisanduku cha sindano kimejaa hadi sindano zinachungulia. Alichofundishwa anakijua vizuri. Pa kukifanyia ndipo hana.

Mwongozo huu ni wa mratibu wa IPC, muuguzi mfawidhi au mkufunzi anayetaka kuendesha mafunzo ndani ya hospitali ya wilaya au ya mkoa nchini Tanzania kwa bajeti ndogo. Umepangwa kwa nusu siku tatu, kila moja ya saa mbili na nusu baada ya ripoti ya asubuhi, kisha miezi mitatu ya kufuatilia. Ukilazimika kupunguza kitu, punguza ukumbi. Ufuatiliaji usiuguse.

Uzito wa jambo lenyewe unajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba kati ya wagonjwa 100 waliolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo humo hospitalini, na mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki. Watumishi nao hawasalimiki. Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 uliondoka na mhudumu wa afya, na ule wa Rwanda uliotangazwa Septemba 2024 ulikuwa na wagonjwa 66, wengi wao watumishi wa hospitali.

Kabla ya kumwita mtu yeyote: pima wodi

Tenga wiki mbili. Kazi ya kwanza ni kuzunguka wodi zote, leba, chumba cha upasuaji, maabara, dobi na chumba cha kuhifadhia maiti ukiwa na karatasi moja tu yenye maswali haya: Maji yanatoka sasa hivi? Sabuni ipo? Kitakasa mikono kiko mahali mgonjwa anapohudumiwa, au kimefungiwa kabatini kwa sista ili kisiibwe? Kisanduku cha sindano kiko umbali wa mkono kutoka mahali pa kuchomea? Pipa za taka zina mifuko ya rangi sahihi? Andika ulichokiona kwa macho. Jibu la “huwa ipo” hesabu kama haipo.

Kazi ya pili ni kuhesabu usafi wa mikono. Kaa pembeni ya wodi kwa takriban dakika 20, fuatilia watumishi wasiozidi watatu kwa mara moja, na kila inapotokea fursa ya kusafisha mikono, yaani moja ya nyakati tano zinazoelezwa katika nusu siku ya kwanza, andika kama imetumika au la. Endelea kwa vipindi tofauti, usiku ukiwemo, hadi ufikishe fursa 200 kwa wodi. Gawanya zilizotumika kwa fursa zote, zidisha kwa 100. Wodi yenye fursa 200 na mikono iliyosafishwa mara 64 ina asilimia 32, na hicho ndicho kipimo chako cha kuanzia. Watu wakijua wanatazamwa hunawa zaidi, kwa hiyo tupa dakika chache za mwanzo hadi wakuzoee.

Peleka matokeo kwa mganga mfawidhi kabla ya mafunzo, pamoja na orodha fupi ya mahitaji: ndoo zenye koki kwa wodi zisizo na maji ya uhakika, sabuni, chupa za kitakasa mikono, visanduku vya sindano. Mwambie wazi kwamba wodi isiyo na vitu hivi haitafundishwa hadi ivipate. Inaonekana kama ukali, lakini kumfundisha mtu kunawa mahali pasipo na maji ni kumzoesha kwamba miongozo ni maneno matupu.

Nani aingie

Fundisha kwa wodi, si kwa kada. Ukiwaita wauguzi wa hospitali nzima pamoja, kila mmoja anarudi peke yake kwenye wodi ambayo haijabadilika. Ukichukua watu 12 hadi 15 wa wodi moja, yaani daktari, tabibu, wauguzi, mhudumu wa afya, mfanya usafi na mwanafunzi wa mazoezi, wanarudi wakiwa wanakumbushana.

Wafanya usafi ndio husahaulika zaidi, hasa pale ambapo wameajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni na hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Ndio wanaobeba taka, wanaochanganya klorini na wanaochomwa na sindano zilizotupwa ovyo. Waingize darasa lile lile, usiwatengee la kwao. Daktari akimsikia mfanya usafi akieleza jinsi sindano ilivyomchoma kupitia mfuko mweusi, hutahitaji slaidi.

Daktari bingwa hupenda kutuma mwakilishi. Mwombe mganga mfawidhi akae saa ya kwanza ya nusu siku ya kwanza, na wengine watajua la kufanya.

Nusu siku ya kwanza: mikono

Hapa usikimbie. Anza na zoezi la rangi. Unahitaji glavu za kawaida na rangi ya maji ya kuchorea watoto, nyekundu au bluu. Kila mshiriki avae glavu, afumbe macho, umwekee rangi kijiko kimoja cha chai kiganjani, asugue kama anavyosugua kila siku, kisha afumbue. Sehemu zilizobaki nyeupe karibu kila mara ni zile zile: kidole gumba, ncha za vidole, katikati ya vidole na mgongo wa mkono. Ndipo sasa uonyeshe hatua:

1. Kitakasa mikono kiasi cha kujaza kiganja, kama mililita 3. Kwa maji na sabuni, lowesha mikono kwanza.
2. Kiganja kwa kiganja.
3. Kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, vidole vikipishana, kisha badilisha.
4. Kiganja kwa kiganja, vidole vikipishana.
5. Migongo ya vidole ndani ya kiganja cha pili, vidole vikiwa vimefumbatana.
6. Kidole gumba kwa kukizungusha ndani ya kiganja, pande zote mbili.
7. Ncha za vidole ndani ya kiganja, mbele na nyuma, pande zote mbili.

Kitakasa mikono huchukua sekunde 20 hadi 30 na mikono ikauke yenyewe. Kunawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60 kuanzia mwanzo hadi kukausha. Mikono yenye uchafu unaoonekana, au mtu aliyetoka kumhudumia mgonjwa wa kuhara, hiyo ni kazi ya maji na sabuni. Pete, saa na kucha ndefu au za bandia vitoke kabla. Taulo moja ya wodi nzima ni mbaya kuliko kutokausha kabisa. Sabuni ya kipande ikatwe vipande vidogo na iwekwe kwenye chombo kinachochuja maji. Sabuni ya maji isiongezwe juu ya iliyobaki: chupa ioshwe na ikauke kwanza, la sivyo bakteria hukua ndani yake.

Kisha nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuhatarika na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kuzikariri ni rahisi, ugumu uko katika kuzitambua kazi ikiwa imepamba moto. Kwa hiyo igiza. Mlaze mshiriki mmoja kitandani awe mama aliyefanyiwa upasuaji jana. Muuguzi anafika, anampima mapigo ya moyo, anachoma dawa kupitia kanula (mrija mdogo uliochomekwa kwenye mshipa), mama anatapika, muuguzi anavaa glavu anamfuta, anavua, anachukua faili na kalamu. Waulize waliobaki: mikono ilipaswa kusafishwa mara ngapi?

Wengi husema mara moja, mwishoni. Jibu ni tatu: kabla ya kushika mkono wa mama, kabla ya kugusa kanula, na baada ya kuvua glavu kabla ya kugusa faili. Ile ya pili ndiyo husahaulika na ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kanula ni mlango ulio wazi kuelekea kwenye damu. Rudieni igizo hadi kila mtu awe amekuwa muuguzi.

Glavu nazo zisemwe bila kupaka mafuta. Jozi moja iliyovaliwa kuanzia kitanda namba 1 hadi namba 10 inamlinda mvaaji na kuwasambazia wagonjwa tisa kilichokuwa kwa wa kwanza. Jozi moja, mgonjwa mmoja, na mikono isafishwe baada ya kuvua, kwani glavu hutoboka bila kuonekana.

Malizia na suala la vyeo. Muuguzi kijana hamwambii daktari bingwa “hujanawa”. Wafundishe kusema jambo hilo kwa kunyoosha chupa: “Daktari, kitakasa mikono hiki hapa.” Wafanye mazoezi ya kulitamka kwa sauti, na madaktari wafanye mazoezi ya kujibu “ahsante” na kunyoosha kiganja. Vicheko vitakuwepo. Acha viwepo.

Famasi ikiwa na uwezo, kitakasa mikono kitengenezwe hapo hapo. Kwa lita 10 kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi alama ya lita 10. Funika haraka kwani pombe huruka, tikisa taratibu, pima kwa kipima pombe (isome kati ya asilimia 75 na 85), kisha weka saa 72 kabla ya kutumia ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizomo. Mahali hapo pasiwe na moto wala sigara.

Nusu siku ya pili: klorini, vifaa na sindano

Ukitaka kujua hospitali ikoje, waombe watu watatu wa wodi moja wakutengenezee klorini ya asilimia 0.5. Utapata vimiminika vitatu tofauti. Kanuni ni moja: gawanya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kwa nguvu unayoitaka, toa 1, na jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik yenye asilimia 3.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, unabaki na sehemu 6 za maji. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, sehemu 9. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, vijiko vikubwa 10 kwa lita 20, koroga, subiri dakika 30.

Kila mshiriki afanye hesabu na apime mwenyewe kwa jagi lenye alama. Makosa utakayoyaona: kupima dawa kwa kifuniko na maji kwa macho, kutumia chupa iliyokaa dirishani miezi, wakati jua na joto huidhoofisha klorini, kuchanganya na sabuni ya chooni yenye asidi, ambayo hutoa gesi ya sumu, na kuongeza dawa kwenye ndoo ya jana. Itengenezwe kila siku, chombo kifunikwe, na kibandikwe tarehe, nguvu na jina la aliyetengeneza. Kuongeza nguvu “ili iue vizuri” hakuna faida: vyuma hupata kutu na watumishi wanakohoa.

Damu ikimwagika sakafuni: vaa glavu, funika kwa tambara au karatasi ya kunyonya, iondoe, safisha kwa maji na sabuni, kisha mwaga klorini ya asilimia 0.5, iache dakika 10, futa. Klorini iliyomwagwa juu ya damu mbichi huisha nguvu ikipambana na damu badala ya vimelea.

Sababu hiyo hiyo inahusu vifaa vya upasuaji, na hapa utapata ubishi. Watumishi wa zamani walifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haupendekezi tena hatua hiyo: klorini hula chuma, uchafu huiua nguvu, na anayeiamini hulegea katika kuosha. Kuosha ndiko kunakobeba kazi kubwa. Vifaa vihifadhiwe vikiwa na unyevu visikaukiwe na damu, vifunguliwe viungo vyote, visuguliwe kwa brashi na sabuni chini ya maji ili visirushe matone, vioshwe, vikaushwe. Mwoshaji avae glavu nzito za mpira, aproni na kinga ya uso.

Baada ya kuosha ndipo vimelea viuawe kwa joto. Kwa mtungi wa mvuke (autoclave): nyuzi joto 121, dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa, 20 kwa visivyofungwa. Muda huanza kuhesabiwa joto linapofika, na si moto unapowashwa. Joto kavu ni nyuzi 170 kwa saa moja au 160 kwa saa mbili. Tatizo la kila mahali ni kushindilia: vifurushi vilivyobanana mvuke haupiti katikati, na kifurushi kilichotoka na maji ni kichafu hata kama utepe wa kuonyesha joto uliobandikwa juu yake umebadilika rangi. Utepe huo unasema tu kwamba kifurushi kimepitia joto.

Sindano sasa. Usirudishie kifuniko. Usiikunje. Usiiondoe kwenye bomba kwa vidole. Itupe kisandukuni wewe uliyeitumia, hapo hapo. Kwa hiyo kisanduku kiende kwa mgonjwa juu ya troli. Kifungwe kikifika robo tatu. Usiache sindano imechomekwa kwenye kichupa cha dawa ya watu wengi. Pale Yambuku, Kongo, mwaka 1976, hospitali iligawa mabomba matano ya sindano kila asubuhi kwa wagonjwa wote, na Ebola ilisambaa kupitia hayo.

Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni. Asikamue, asipake klorini wala spiriti. Jicho lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 15. Atoe taarifa zamu hiyo hiyo, kwa sababu dawa kinga za VVU hufaa zikianza mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 72, kisha humezwa siku 28. Kwa sindano ya mgonjwa mwenye maambukizi, uwezekano wa kuambukizwa VVU ni kama asilimia 0.3; kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika asilimia 30. Kwa hiyo siku hiyo ya mafunzo iwe siku ya chanjo pia: leo, baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita. Wengi hawatoi taarifa kwa kuogopa kupimwa na kusemwa. Dozi za kuanzia za dawa kinga zikiwa zimefungiwa famasi inayofungwa saa tisa alasiri, wanaochomwa usiku watakaa kimya, na hilo ni kosa la utaratibu.

Nusu siku ya tatu: vifaa kinga, usafi, na mtihani

Kuvaa: gauni, barakoa, miwani au kinga ya uso, glavu juu ya mikono ya gauni. Kuvua ndiko watu huambukizwa: glavu, safisha mikono, miwani kwa kushika nyuma, gauni kwa kuligeuza nje ndani, barakoa mwisho kwa kamba zake, safisha mikono tena. Tumia ile rangi: paka glavu na kifua cha gauni, mshiriki avue, kisha mkague shingo, vifundo vya mikono na nywele. Vifaa kinga vya Marburg na Ebola ni somo lake lenyewe lenye mwangalizi anayesoma kila hatua kwa sauti. Usilibane kwenye nusu saa.

Usafi wa mazingira upite haraka: kutoka pasafi kwenda pachafu, kutoka juu kwenda chini, deki yenye unyevu badala ya fagio kavu wodini, maji yabadilishwe kila chumba, na reli za kitanda na vitasa kabla ya pembe za sakafu. Taka: nyekundu kwa za maambukizi makali, njano kwa za maambukizi, nyeusi au bluu kwa za kawaida.

Mtihani wa karatasi hupima kumbukumbu. Weka vituo vitano vya dakika saba: kusafisha mikono katika igizo, kuchanganya klorini, kuchoma na kutupa sindano, kuvua vifaa kinga, kusafisha damu. Kila kituo kiwe na makosa ya kufelisha papo hapo. Anayerudishia sindano kifuniko anarudia kituo, hata kama ni daktari.

Miezi mitatu inayofuata

Chagua mtu mmoja kila wodi, anayeheshimiwa na wenzake, si lazima awe na cheo. Kila wiki afanye kipindi kimoja cha dakika 20 cha kuhesabu mikono, na matokeo yabandikwe ukutani kwa jina la wodi, kamwe si la mtu. Ukianza kutaja majina, vipimo vitapanda mwezi wa kwanza na kuwa vya uongo mwezi wa pili.

Asilimia ikikwama, kagua vitu kabla ya kulaumu watu. Mara nyingi chupa zimeisha Ijumaa na stoo inafunguliwa Jumatatu. Wanafunzi na waajiriwa wapya wapitishwe vituo vitatu, yaani mikono, sindano na klorini, kabla ya zamu yao ya kwanza. Nusu saa inatosha, na mtu wa wodi ndiye awapitishe. Mwezi wa tatu rudia hesabu ya fursa 200 kwa wodi, kwa karatasi ile ile na saa zile zile, zamu ya usiku ikiwemo, upeleke tarakimu zote mbili kwa mganga mfawidhi pamoja na idadi ya lita za kitakasa mikono zilizotumika. Asilimia zikiwa zimepanda na lita hazijapanda, basi kuna mtu anajaza fomu mezani.